Tiketi ya Shangazi

Langoni walimwomba kitambulisho.
Shangazi Mbeyu akakifungua kutoka pindo la leso,
kikuukuu, picha imefifia zikabaki nywele tu.
"Mkaazi, mia mbili," akasema msichana wa dirishani.
"Mia mbili? Mwanangu, humu nilikuwa naingia bure.
Kulipa nililipa wakati wa kutoka,
kwa mgongo."

Tulikuja kutazama yungiyungi.
Redio ilikuwa imetangaza: vuli imenyesha Mombasa,
maua yamejaa ziwa zima huku nyuma ya Utange,
njooni na watoto, kuna na kinu cha upepo, pigeni picha.
Nikamwambia, shangazi, vaa vile viatu vya harusi ya Kahindi.
Akavaa. Kufika daraja la mbao
akavivua, akavibeba mkononi.

Saa saba mchana.
Ziwa zima majani, majani mapana kama sinia,
na katikati yake ngumi ndogo za kijani
zimefumbwa.
Chengo, kijana wa bustani, beji kifuani,
akaona haya kwa niaba ya maua:
"Hufunguka asubuhi, mama. Jua likikaza, hujifunga.
Mngekuja saa mbili."
"Saa mbili nilikuwa nafua."
Kinu nacho kimya, mabawa yake ya bati
yametulia juu ya mnara
kama pangaboi siku stima imepotea.

Mia nne zangu, kuona vitu vilivyolala.

Lakini shangazi hakuwa akitazama maua.
Alikuwa akitazama ukuta wa ng'ambo,
ule mweupe unaoshuka wima hadi majini,
mivinje imeuota utosini.
"Pale," akanyoosha kidole kisicho na kucha,
"pale palikuwa na njia ya kushukia.
Na hapa tuliposimama palikuwa hewa.
Wakati ule tungekuwa tunaelea."

Chini, pima tatu chini ya yungiyungi,
ndipo alipokaa miaka kumi na mmoja
juu ya gunia lililokunjwa mara nne,
nyundo mkono huu, mkono huu pete ya mpira
ya kulishikia jiwe lisiruke,
akivunja kokoto kwa debe.
Debe ishirini, unga.
Debe ishirini na tano, unga na sukari.
Mchana vumbi lilimpaka mvi,
jioni akanawa, akawa msichana tena.
"Yale maghorofa ya Nyali," akasema,
"niliyavunja mimi
kabla hayajajengwa."

Kisha baruti ikapasua mshipa wa maji.
Maji yakaja taratibu, mgeni asiyepiga hodi.
Wakahamisha magunia. Kesho yake wakahamisha tena.
Wiki ya tatu msimamizi akasema, nendeni.
Ilikuwa Ijumaa. Nyundo aliiacha kibandani
akijua atarudi Jumatatu.

Leo Jumatatu.

Chengo akatazama bango, akalitazama tena:
hekta mbili, aina tatu za yungiyungi,
tafadhali usichume.
"Hilo la nyundo halimo humu," akasema,
sijui kwa kujitetea, sijui kwa kuuliza.

Ndipo upepo ukapita, mdogo tu, wa kuinua pindo.
Mabawa yakalia kutu, yakazunguka nusu,
yakasita, yakakubali.
Bomba likakohoa, likatema maji mtaroni,
na chuma kikaanza kugonga chuma:
ta. Ta.
Ta.
Nikaona kifundo cha mkono wake wa kulia
kinapanda na kushuka kando ya leso, chenyewe,
na midomo inahesabu.
"Huyu anavunja polepole," akasema mwishowe.
"Hadi jioni hana debe kumi."

Tukatoka. Pale dirishani akainama,
akavaa kiatu cha kushoto, akasahau cha kulia.
"Kesho mnafungua saa ngapi?"
"Saa mbili, mama."
Akanigeukia, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.
"Basi nitafua usiku."